Laptopu ya Marehemu Solina

"Afande, laptopu hii ni ya mtu aliyekufa." Teogene alibandika kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Miezi minane sasa yuko kaburini. Lakini Jumamosi, saa moja na dakika hamsini na tatu asubuhi, kaingia mtandaoni!"

Afande Spesiyoza alikuwa anahema bado. Kutoka stendi ya Karongi mpaka chuo cha wakunga cha Bwiza ni mlima mwanzo mwisho, na pikipiki ilimshusha chini kabisa sababu ya matope. Akavua sweta, akaikunja, akaikalia.

"Akafanya nini huyo marehemu?"

"Akafungua Kabati la Mitihani. Ni folda kubwa kwenye seva yetu, mitihani yote inakaa humo. Akachota kitu, akaondoka. Kumbukumbu hazisemi faili gani."

Teogene ndiye fundi wa mtandao hapo chuoni. Kijana wa Kigali, viatu vimechongoka, mwezi wake wa sita tu huku milimani. Pembeni yake amesimama Madamu Pelagiya, mkuu wa chuo, mikono kifuani, usingizi hajauona siku mbili.

"Mtihani wa taifa ni baada ya wiki mbili," Madamu alisema. "Karatasi iko humo kabatini. Nikisema haijatoka, kumbe imetoka, wakunga arobaini na wawili watapata vyeti ambavyo hakuna hospitali itaviamini. Kamati inakaa leo saa kumi. Inataka jina. Na jina tulilonalo ni hili hapa."

Hilo jina lilikuwa limekaa mlangoni, mikono katikati ya magoti. Odeta, miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza. Mdogo wake marehemu Solina, aliyesoma hapa hapa. Mtu akifukuzwa kwa wizi wa mtihani, hakuna chuo kingine cha afya nchini kitakachompokea. Odeta alilijua hilo. Macho yake yalishavimba.

"Odeta, mwanangu," Spesiyoza alisema. "Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande. Halafu kanisani."

"Hapo sasa!" Teogene akadaka. "Jumamosi ilikuwa umuganda, kazi ya jamii ya kila mwezi. Wote tulikuwa kule bondeni tunachimba mifereji, mimi, Madamu, wapishi, hata mlinzi. Orodha hii hapa, kila mtu na saini yake. Jina moja tu halipo."

"Mimi Msabato, jamani. Sisi umuganda wetu ni Jumapili. Saini yangu ya Jumapili ipo, waulizeni."

"Tunajua," Madamu alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ibada yenu inaanza saa tatu. Hapo katikati, Odeta, chuo kizima kilikuwa na jembe mkononi isipokuwa wewe. Na laptopu ya dada yako iko kwenu."

"Nilikuwa namsomea mama somo la Sabato. Macho yake hayaoni herufi ndogo."

"Nani alikuona?" Teogene akauliza.

"Mama aliniona!"

"Mama si shahidi."

"Kwa nini asiwe?" Spesiyoza akamgeukia. "Wewe wa kwako ungemkataa? Odeta, hiyo laptopu iko wapi sasa hivi?"

"Ndani ya sanduku la mama. Hajawahi kuitoa."

Spesiyoza akatazama saa ya simu yake. Saa nne kasorobo. Akavaa sweta tena.

"Twende tukaione."

* * *

Nyumba ilikuwa chini ya kilima, migomba mbele, ziwa kwa mbali limefunikwa na ukungu. Mama Solina alikuwa anamenya ndizi. Aliona sare ya polisi, kisu kikasimama.

"Mnakuja kumchukua na huyu?"

"Sijaja kuchukua mtu, mama. Nimekuja kuona laptopu."

Mama akafuta mikono polepole. Akaingia ndani, akarudi na bakuli la maziwa ya mgando, akamwekea Spesiyoza mbele.

"Kunywa kwanza. Mlima huu hauulizi cheo."

Spesiyoza akacheka, akanywa, akamaliza. Ndipo mama akaburuta sanduku la bati katikati ya chumba. Nguo juu, nguo katikati, halafu kitenge cha kijani kimefungwa mara tatu kama anavyofungwa mtoto mchanga. Alikifungua kwa vidole viwili viwili, mkunjo mmoja baada ya mwingine.

"Nimekiacha kama alivyokiacha," alisema. "Bado kinanukia mafuta yake ya mikono. Kwa hiyo, afande, nakuomba, usikishikeshike sana."

"Shika wewe, mama. Mimi nitatazama tu."

Akainama na tochi ya simu. Chini ya laptopu palikuwa na kibandiko cha kiwandani, na juu yake namba ya kadi ya waifai, herufi na tarakimu kumi na mbili. Akailinganisha na ile aliyoipiga picha ofisini kwa Teogene. Ile ile, mpaka mwisho.

Odeta akaziba mdomo.

"Subiri kwanza," Spesiyoza alisema. "Mama, ifungue kidogo. Basi, hapo hapo panatosha."

Haikufunguka vizuri. Upande wa kibodi ulikuwa umeinuka, plastiki imepinda, kama andazi lililoumuka kupita kiasi.

"Betri imevimba," Spesiyoza alisema. "Hii imekaa bila kuchajiwa miezi na miezi mpaka imekufa. Chaji yake iko wapi?"

"Nilimpa mwalimu jirani, zamani, ya kwake iliungua. Nikasema huku inamfanyia kazi nani?"

"Zamani lini?"

"Wiki ya pili baada ya msiba."

Spesiyoza akamwonyesha mama kitufe cha kuwasha, mama akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, Spesiyoza akahesabu mpaka ishirini. Kimya vile vile. Akapiga picha ya betri, ya kibandiko, ya kitenge. Akapiga na ya sanduku.

"Mama, hii usiiweke tena karibu na nguo, betri ya namna hii inaweza kuwaka moto. Iweke nje kwenye kivuli, nitamtuma fundi aitoe hiyo betri tu. Kitu kingine hatagusa."

"Kwa hiyo si hii iliyoiba?"

"Hii haijaenda popote. Kuna mtu ametembea na jina lake."

Mama Solina akakunja kitenge, akakishika kifuani.

"Nilikuwa na wawili, afande. Huyu mmoja aliyebaki, shule ndiyo kila kitu chake. Anasoma hata akiwa anachota maji."

"Saa kumi uje chuoni," Spesiyoza alisema. "Kamati inamhitaji mzazi. Vaa vizuri."

* * *

Saa sita na nusu alikuwa tena ofisini kwa Teogene, na safari hii alikuja na laptopu yake mwenyewe, kongwe, kona moja imefungwa utepe wa gundi.

"Waifai yenu inalindwa na nini?"

"Pasiwedi moja ya chuo kizima. Halafu orodha." Teogene akakaa wima, hapo ndipo alipojivunia. "Kila laptopu ina namba ya kadi, haifanani na nyingine duniani. Isiyo kwenye orodha yangu haipiti. Na folda ya kila mtu inafunguliwa na namba yake tu. Hata mimi kuzifungua lazima niende kwenye seva kwa mkono."

"Nipe pasiwedi."

Akampa. Spesiyoza akaandika vitu viwili vitatu, akazima waifai ya laptopu yake, akaiwasha tena. Hata dakika haikupita.

"Soma orodha yako. Nani kaingia sasa hivi?"

Teogene akasogea kwenye kioo. "Madamu Pelagiya."

"Mimi?" Madamu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Yangu nimeifunga kitambo kidogo, iko kwenye mkoba!"

"Karibu ndani, Madamu," Spesiyoza alisema. "Kwa sasa mimi ndiye wewe. Naona hapa una folda inaitwa Mapishi ya Keki."

"Funga hiyo!"

"Nimefunga." Hata Odeta kule mlangoni alicheka, mara ya kwanza siku ile. Spesiyoza akamgeukia Teogene, na hakumsimanga. "Sikia, kijana. Kiwanda kinaandika namba kwenye kadi, sawa. Lakini laptopu unaweza kuiambia itaje namba nyingine, na inatii. Simu nyingi siku hizi zinabadilisha zenyewe bila kuulizwa. Na kadi inataja namba yake hewani kila ikiongea na antena. Ya Madamu niliiokota nilipokuwa napita nje ya ofisi yake, anasoma barua pepe. Namba hii si kufuli. Ni jina. Mtu anabisha hodi anasema mimi fulani, na wewe unafungua geti bila kutazama sura."

Teogene alikuwa amenyauka. "Sasa tutampata vipi? Anaweza kuwa mtu yeyote."

"Si yeyote. Fungua kumbukumbu za Jumamosi. Solina aliingia kupitia antena gani?"

"Ya bweni la wavulana."

"Bweni la wavulana!" Madamu akaweka kikombe chini. "Hilo mbona hukulisema, Teogene?"

"Niliona namba, nikaona jina la marehemu, nikachanganyikiwa, Madamu. Wanafunzi wanasema amerudi. Mpishi kamwaga maji ya chumvi korido nzima."

"Mpishi mwacheni," Spesiyoza alisema. "Nisomee dakika ya kabla yake. Kwenye antena hiyo hiyo, nani alitoka?"

Teogene akashuka na kidole, mstari kwa mstari. "Saa moja na dakika hamsini na mbili… katoka mmoja. Hamsini na tatu, kaingia Solina."

"Na Solina alitoka lini?"

"Saa sita na dakika nne."

"Na saa sita na dakika tano?"

Kidole kikasimama. "Karudi yule yule."

"Mtu kaingia nyuma ya mlango na shati jekundu, katoka mwingine na shati la bluu. Baadaye wa bluu karudi nyuma ya mlango, katoka yule mwekundu," Spesiyoza alisema. "Hao ni watu wangapi?"

"Mmoja," Odeta alisema kutoka mlangoni.

"Mmoja. Jina lake, Teogene?"

"Idelifonsi. Mwaka wa tatu." Teogene akatikisa kichwa kwa nguvu. "Lakini haiwezekani, afande! Idelifonsi nilikuwa naye umuganda! Tulichimba mfereji mmoja, yeye mbele mimi nyuma, tangu saa mbili mpaka mkutano unakwisha. Saini yake ni ya tatu kwenye orodha!"

"Naamini. Alichimba?"

"Kuliko mimi."

"Na laptopu yake ilichimba?"

Teogene akageukia kioo, akaisoma tena mistari ile.

"Wote mlimtafuta asiyekuwa na jembe," Spesiyoza alisema. "Lakini kuchota faili si kazi ya kusimamia. Unabonyeza, unachukua jembe, unaondoka. Siku za kawaida, watu mia mbili wakiwa kwenye waifai hii, faili kubwa linapita?"

"Thubutu. Linakatika njiani. Labda Jumamosi ya umuganda, mtandao unapumua." Akajishika kichwa. "Kwa hiyo alichagua siku hiyo makusudi!"

"Ndiyo siku aliyoihitaji. Sasa nijibu jingine. Karatasi ya mtihani wa taifa ina ukubwa gani?"

"Kurasa kumi na moja, maandishi matupu. MB moja haifiki."

"Na Jumamosi zilitoka ngapi?"

"Mia sita na kumi na mbili."

Nje kengele ya chakula ililia, hakuna aliyesogea.

"Anayeiba kijiko kimoja cha sukari haji na lori," Spesiyoza alisema. "Humo kabatini kuna nini kizito hivyo?"

Madamu ndiye aliyejibu, polepole. "Mazoezi ya vitendo. Mwaka wa pili wanajirekodi sauti wakizungumza na mama anayejifungua, mwalimu anasikiliza baadaye anatoa alama. Dakika nyingi sana zile."

"Ya Solina ina ukubwa gani?"

Teogene akaenda kwenye seva kwa mkono. Alirudi na karatasi, akaiweka mezani. Mia sita na kumi na mbili. Hata tarakimu za baada ya nukta zilikuwa zile zile.

Odeta alisimama. Alisema neno moja tu, "Solina?" halafu akakaa tena.

"Basi hakuna mtihani ulioibwa," Madamu alisema. "Lakini afande, naijua kamati yangu. Watasema namba zimelingana, ndiyo, sasa aliyechukua yuko wapi na nakala iko wapi? Leo saa kumi nikienda na hesabu tupu, Odeta haponi."

"Kwa hiyo tuwapelekee nakala yenyewe," Spesiyoza alisema. "Huyu Idelifonsi anashinda wapi saa hizi?"

* * *

Alikuwa peke yake chumba cha mazoezi, amekunja mikono ya koti jeupe, anamwosha mtoto wa plastiki ndani ya beseni. Kijana mrefu, mabega ya mchimba mifereji. Kichwa cha yule mdoli alikishika kwa kiganja, vizuri, kama kweli kingevunjika.

"Unaitwa Idelifonsi?"

"Ndiyo, afande." Hakuacha kuosha. "Sabuni ikibaki masikioni mwalimu anakata alama."

"Wavulana mko wangapi darasani kwenu?"

"Watatu. Akina mama wakituona wanapiga kelele kwanza, halafu wanazoea." Akatabasamu, kisha akaona macho ya Spesiyoza hayatabasamu. "Kuna nini?"

"Jumamosi, saa moja na dakika hamsini na tatu, laptopu yako ilijiita Solina."

Maji yalitulia ndani ya beseni. Idelifonsi akamtoa mtoto, akamfunga taulo, akamlaza mezani. Ndipo akajibu.

"Ndiyo."

"Hukatai?"

"Nikatae nini, afande? Ni mimi."

"Namba yake uliipata wapi?"

"Mwaka wa kwanza ofisi ilitaka kila mtu aandike namba ya kadi yake kwenye fomu. Solina hakujua aitafute wapi. Nikamtafutia, nikamwandikia." Akaitaja yote kumi na mbili, herufi na tarakimu, bila kukwama. "Namba yake ya simu alibadilisha mara tatu. Hii haikubadilika."

"Kwa nini hukuomba hizo sauti kwa njia ya kawaida?"

"Niliomba! Kuna tangazo ubaoni, folda za zamani zinafutwa mwisho wa mwezi huu. Nikaandika barua ofisi ya mtandao. Nikajibiwa mwenye folda aje mwenyewe na laptopu yake." Alikuwa anakausha mikono ambayo ilishakauka. "Aje mwenyewe. Nilisoma hiyo karatasi mara kumi."

"Laptopu yake iko kwa mama yake. Ungekwenda kuiomba."

"Nikajitambulishe mimi nani, afande? Wazee wangu walikuwa hawajakwenda kwao kuposa. Tulipanga tumalize masomo kwanza. Mama yake hajawahi hata kusikia jina langu. Nitokee tu uani, miezi minane baada ya mazishi, niseme nipe vitu vya binti yako?" Akatikisa kichwa. "Nilifika mpaka kwenye migomba. Mara mbili. Nikamwona anamenya ndizi. Nikarudi."

"Mtihani wa taifa uliufungua?"

"Mtihani gani?"

"Uko kabati hilo hilo."

Uso wake ulibadilika. Hapo ndipo Spesiyoza alipojua kwamba hakujua.

"Umekuwa wapi tangu Jumapili?"

"Hospitali, zamu ya wodi ya wazazi. Nimerudi asubuhi hii. Afande, mtihani umefanyaje?"

"Wanasema umeibwa. Kwa laptopu ya Solina. Saa kumi wanamfukuza Odeta."

"Odeta? Kwa nini Odeta? Yule mtoto hata…" Alivua koti, akalivaa tena, hakujua anafanya nini. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa flashi ndogo iliyofungwa kwenye kipande cha bendeji ya hospitali. "Twende. Twende sasa hivi."

"Kaa kwanza nikuambie." Spesiyoza alimzuia begani. "Ukisema mbele ya kamati kwamba ulijifanya marehemu mtandaoni, wanaweza kukufukuza wewe. Umebakiza wiki ngapi?"

"Sita."

"Nimekuambia ili usije ukasema sikukuambia."

Idelifonsi akamtazama mtoto wa plastiki pale mezani, akamfunika vizuri na taulo.

"Saa kumi haijafika bado," alisema. "Tunaweza kuwahi."

* * *

Kamati ilikuwa watu watano, na mwenyekiti alikuwa daktari mzee wa hospitali, mtu wa kuuliza swali moja mara tatu. Mama Solina alikaa mstari wa nyuma, kavaa mushanana yake ya kanisani, kitambaa kimepita begani. Odeta pembeni yake, kama mtu anayesubiri sindano.

Spesiyoza alieleza kwa mpangilio. Betri iliyovimba na picha zake. Shati jekundu na shati la bluu. Kijiko na lori. Teogene akasimama kila alipoitwa, akathibitisha namba.

"Na huyo aliyechukua?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mimi, daktari." Idelifonsi alikuwa ameshasimama. "Odeta hakujua. Hakuna aliyejua. Niliomba kwa barua, nikakataliwa, nikaingia kwa jina lake."

"Unajua hilo ni kosa?"

"Najua."

"Unajua ni kosa la kufukuzwa?"

"Najua, daktari."

"Na tutajuaje kwamba kwenye hiyo flashi hakuna mtihani wetu?"

"Isikilizeni."

Teogene akaipokea. Aliichomeka kwenye kompyuta, akafungua spika, na kabla hajabonyeza akageuka.

"Mheshimiwa, ile barua niliipata mimi. Nilisoma mstari wa kwanza tu, nikajibu. Kama ningefika chini ningeona kaandika kwamba mwenye folda ameshafariki. Naomba na hilo liandikwe."

Akabonyeza.

Kwanza mlio wa kiti. Halafu sauti ya msichana, ya haraka, yenye kicheko ndani yake.

"Habari za asubuhi, mama. Mimi naitwa Solina, nitakuwa na wewe mpaka mtoto afike. Usiniogope. Naongea sana lakini mikono yangu mizuri. Haya, nishike hapa. Bana! Hapana, si hivyo, unanivunja vidole, nitampokea mtoto na nini?"

Kwenye rekodi mtu alicheka, yule mwanafunzi aliyeigiza mzazi. Spesiyoza alikuwa anatazama dirisha. Daktari mzee alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi na hakuandika.

"Sasa pumua, mama," Solina alisema. "Taratibu. Unapumua kama mbuzi anayefukuzwa! Kwa pua… ndiyo. Toa kwa mdomo. Ona, unaweza. Mara nyingine tena, na mimi napumua na wewe."

Mstari wa nyuma, mabega ya Mama Solina yalipanda. Yakashuka. Yakapanda tena, taratibu, kwa pua. Odeta alimshika mkono, na wote wawili wakatoa pumzi pamoja na spika.

"Simamisha," mama alisema.

Teogene akasimamisha haraka. "Samahani, mama."

"Imebaki kiasi gani?"

Akatazama kioo. "Dakika arobaini na tatu."

"Basi inyamazishe. Nisiimalize leo."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Wote wakaitikia kwa kichwa. Akaandika mistari michache na kumsogezea Madamu Pelagiya, naye akaisoma kwa sauti. Mtihani haukuibwa. Tuhuma juu ya Odeta zimefutwa. Idelifonsi apewe barua ya onyo, na kila jioni kwa wiki zake sita akamsaidie Teogene, kila mtu chuoni apate pasiwedi yake mwenyewe na ile orodha itupwe. Folda zote za wanafunzi waliofariki zipelekwe kwa familia zao kabla ya mwisho wa mwezi.

"Afande anakubali?" mwenyekiti akauliza.

"Nitaandika hivyo hivyo," Spesiyoza alisema.

Watu wakaanza kusogeza viti. Idelifonsi akaichomoa ile flashi kwenye kompyuta, akatembea mpaka mstari wa nyuma, akapiga goti moja, akaitoa kwa mikono miwili. Mama Solina aliichukua. Ilikuwa ndogo kuliko kidole chake. Akaigeuza, akaitafuta inakofunguka.

"Hiki nakitumia vipi mimi?"

"Inataka kompyuta, mama."

"Kompyuta unayo?"

"Ninayo."

"Basi kesho ukitoka darasani njoo nayo." Akamtazama vizuri, kuanzia mabega mpaka zile kucha zilizobaki na sabuni. "Na uje umekula kidogo. Nitapika, tutakaa, utaniambia wewe ni nani."

Idelifonsi akaitika kwa kichwa.

Mama akaifunga flashi kwenye ncha ya mushanana yake, mafundo mawili, akainuka. Odeta akainuka naye.

"Na wewe," mama akamwambia, "kesho una kipindi?"

Odeta akageuka kumtazama Madamu Pelagiya.

"Saa mbili kamili," Madamu alisema. "Na asichelewe."